Nitayaona wapi mafunzo ya Mungu katika wiki ya kuuza nyanya?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji, na shikamoo. Nina genge Mbagala, nauza nyanya, vitunguu na mboga. Katika jumuiya yetu kila Alhamisi mtu mmoja anaeleza Mungu amemfundisha nini wiki hiyo. Mmoja alikosa basi la mkoani, baadaye likapata ajali, akajifunza kwamba Mungu anawalinda walio wake. Mwingine simu ilimzimikia njiani, akajifunza kwamba bila maombi tunazimika. Mimi nikiitazama wiki yangu naona matenga, vumbi na wateja wanaokopa. Kuna baba mmoja nimemkopesha hadi deni likafika shilingi 3,500, siku hizi anazunguka njia ya nyuma ili asipite mbele ya genge. Hilo ndilo tukio langu kubwa! Halafu mwezi uliopita mwanangu wa pili alilazwa kwa malaria, mwenzangu mmoja akaniambia Mungu ananifundisha uvumilivu. Nilinyamaza, lakini niliumia. Je, imani yangu ni changa? Wenzangu wanayaona wapi hayo mafunzo? Zamu yangu ni Alhamisi ijayo.

Jibu: Amina, na marahaba, mwanangu.

Imani yako haina upungufu hapo. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa theolojia kuandaa mahubiri, na tatizo ninalokutana nalo zaidi ni la upande wa pili: watu wanaoona funzo kila mahali. Mwanafunzi anapanda mimbarani na hiyohiyo habari ya simu iliyoisha chaji. Simu ni mwanadamu, chaja ni maombi, umeme ni Roho Mtakatifu, na luku ikiisha ni shetani. Washarika wanacheka, wanaitikia amina, wanarudi nyumbani. Baadaye namuuliza: simu ilikufundisha nini ambacho hukukijua kabla haijazima? Hapo anajikuna kichwa. Jibu alikuwa nalo mfukoni tangu mwanzo, akazunguka kutafuta kitu cha kulibandika. Simu haikumfundisha lolote.

Sisemi huyo mwenzako wa jumuiya alidanganya. Maombi ni ya lazima. Ila hakuhitaji simu izime ndipo alijue hilo, na wewe huna sababu ya kumwonea wivu.

Biblia ina mahali panapomwonyesha mtu akijifunza kwa jambo la njiani, nami huwarudisha wanafunzi hapo kila mwaka: Mithali 24, kuanzia mstari wa 30. Mwenye hekima anapita karibu na shamba la mvivu. Anaona miiba imeota kote, magugu yamefunika ardhi, ukuta wa mawe umebomoka. Kisha anasema, "Ndipo nilipoangalia, na kufikiri sana, naliona, nikapata mafundisho." Tazama hana haraka. Ukuta anauacha uwe ukuta, na miiba anaiacha iwe miiba. Hasemi ukuta ni maombi na miiba ni majaribu. Funzo analoondoka nalo linahusu shamba lenyewe na mwenye shamba: kulala kidogo, kukunja mikono kidogo, umaskini umeingia. Limeota palepale kwenye udongo ule, yeye amelichuma tu.

Bwana Yesu naye hakwenda mbali kutafuta. Mwanamke anatia chachu kwenye pishi tatu za unga. Mwingine amepoteza sarafu moja kati ya kumi, anawasha taa na kufagia nyumba nzima. Wavuvi wameketi ufukweni wanachambua samaki, wabaya wanatupwa. Vibarua bado wamesimama sokoni saa kumi na moja jioni bila kazi (na hapa sisi Waswahili tuna bahati, saa za Injili tunazihesabu kama zetu). Mifano yake michache mno inatokea hekaluni. Kwa hiyo mtu mwenye genge hayuko mbali na mahali Yesu alipookota maneno yake. Pengine yuko karibu kuliko sisi wenye ofisi ya usharika.

Basi twende gengeni kwako.

Najua kidogo jinsi nyanya zinavyouzwa. Unaamka kabla ya alfajiri, unakwenda Ilala au Mabibo, unanunua tenga. Juu zimepangwa nyanya ngumu, nyekundu, zinang'aa. Umeshalipa, umeshalipandisha kwenye bajaji, umefika Mbagala, unaanza kumimina. Chini unakuta zilizobonyea, zilizopasuka, na majani ya kujazia. Unasonya. Unamtaja mwenye tenga kwa maneno ambayo Alhamisi huwezi kuyarudia. Halafu unakaa kupanga mafungu: nne chini, moja juu. Na ile yenye doa unaishika, unaizungusha kwa vidole, na doa linatazama mezani.

Sikutuhumu, mwanangu. Labda wewe huzigeuzi. Lakini mikono mingi ya Wakristo nimeiona ikizigeuza, asubuhi hiyohiyo, kwa vidole ambavyo bado vina majimaji ya nyanya zilizooza za mwenye tenga. Hapo ndipo pa kusimama, uangalie na kufikiri sana. Hasira uliyokuwa nayo ulipofika chini ya tenga ilikuwa ya haki. Mathayo 7:12 inakutaka uichukue hasira hiyohiyo na kuiweka mbele ya mteja wako: lolote mnalotaka watu wawatendee, nanyi watendeeni. Ukifungua Walawi 19 utakuta jambo jingine ambalo wengi hawalitambui. "Mpende jirani yako kama nafsi yako" iko mstari wa 18. Mizani ya haki na vipimo vya haki viko mstari wa 35 na 36, sura ileile. Kwa Mungu, kumpenda jirani na kumpimia jirani sado iliyojaa ni mambo ya ukurasa mmoja.

Funzo hilo linakuacha na tatizo: sasa zile zenye madoa utazifanyaje? Uziuze kando kwa bei ya chini, waziwazi, za kupikia leo? Utapoteza faida kidogo. Hapo ndipo ninapoanza kuamini kwamba mtu amejifunza kitu. Mafunzo mengi ninayosikia kwenye shuhuda hayamgharimu msemaji hata senti. Yanamwacha alivyokuwa, amefurahi zaidi tu. La mwenye shamba bovu lilimtaka mtu aamke akafanye kazi. Likikudai kitu, hata mia mbili za fungu, lichukulie kwa uzito.

Sasa huyo baba anayepita njia ya nyuma. Umemtaja kwa kicheko, kana kwamba ni jambo dogo lisilostahili jumuiya. Mimi nilipoisoma barua yako, hapo ndipo nilipokaa muda mrefu.

Hajakuibia. Alikopa nyanya na vitunguu, labda kibarua hakikulipwa, akashindwa, akaona haya. Leo anarefusha safari yake, anapita kwenye matope nyuma ya nyumba za watu, ili tu asikutane na macho yako. Wewe umepungukiwa shilingi 3,500, na zaidi ya hapo umepungukiwa jirani. Hukusalimiwa leo na mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa anakuuliza habari za watoto.

Fungua Mwanzo 3. Adamu na mkewe wamekula walichokatazwa, wanajificha kati ya miti ya bustani. Njia ya nyuma ya kwanza duniani hiyo. Na anayewafuata ni yule mwenye haki ya kuwadai, anauliza, "Uko wapi?" Adhabu ilikuja, sikufichi. Lakini kabla hawajatolewa bustanini, aliwatengenezea mavazi ya ngozi akawavika. Anayedai ndiye aliyetoka kuwatafuta, na ndiye aliyeisitiri aibu yao.

Usikimbilie kunijibu, "Basi Mchungaji anataka nifute deni." Sijasema. Mathayo 18 ina mdaiwa wa talanta elfu kumi aliyesamehewa, akatoka akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Wahubiri hupenda kusema dinari mia ni hela ya kutupa. Si kweli. Katika Mathayo 20 kibarua analipwa dinari moja kwa siku, kwa hiyo dinari mia ni jasho la siku mia. Yesu alijua kwamba deni tunalowadai wenzetu linauma kweli. Kinacholifanya lionekane dogo ni lile jingine: talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, zidisha kwa elfu kumi, hakuna maisha ya mtu yanayotosha kulilipa. Wewe una tenga la kesho la kulipia na watoto wa kulisha. Kufuta kila kitu kwenye daftari kunaweza kukuingiza kwenye mikopo ya kausha damu, nawe uanze kutafuta njia yako ya nyuma. Lakini kati ya kufuta na kukaba kuna nafasi kubwa. Unaweza kumwita siku moja kwa sauti ya kawaida, umuulize habari za nyumbani, usiguse deni mbele ya watu. Pembeni mwambie alete mia tano mia tano, na apite mbele ya genge kama zamani. Huenda akalipa, huenda asilipe. Ila kutafutwa atakuwa ametafutwa.

Na likishakaa moyoni, ligeuze upande wa pili. Kuna mlango ambao wewe unaupita kwa mbali? Mweka hazina wa kikoba? Ndugu mliyegombana kwenye msiba? Na siku zile unazoruka sala ya jioni, ni usingizi kweli, au ni jambo ulilolifanya mchana? Wengi wetu hatuachi kusali kwa kukosa muda. Tunazunguka nyuma tusionane na Mwenye deni. Hili sikukuletea mimi kutoka chuoni. Lilikuwa gengeni kwako, wewe mwenyewe uliliandika kwenye barua.

Sasa habari ya mtoto, nami hapa nitakuwa mkali kidogo kwa wenzako.

Pole sana. Nafurahi umeandika habari za mtoto kama mtu aliyekwisha kutoka wodini naye. Malaria inaletwa na mbu. Kama kuna jambo la kujifunza kwa haraka, ni kukagua chandarua kama kina tundu na kuuliza serikali ya mtaa ule mtaro utazibuliwa lini. Mungu hakumlaza mtoto wako kwa dripu ili mama yake apate somo la Alhamisi. Yohana 9 wanafunzi waliuliza juu ya kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu aliyakataa majibu yote mawili. Luka 13 watu 18 walikufa kwa kuangukiwa na mnara huko Siloamu, na Yesu akauliza kama mnadhani walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawageukia waliosimama mbele yake, wazima, akawataka watubu. Waliokufa hakuwafanya kuwa mfano wa ubaya.

Huyo aliyekosa basi naye namwombea aufikirie upya ushuhuda wake. Kushukuru kwamba umepona ni sawa kabisa, nami ningeshukuru. Lakini akisema Mungu huwalinda walio wake, na waliopanda lile basi walikuwa wa nani? Ndani mlikuwa na watu waliosali kabla ya safari. Siku moja mjane wa mmoja wao atakuwa ameketi kwenye mkeka wa jumuiya kama hiyo, anasikiliza. Na hapo tumeanza kufanana na wale wanaosoma mlio wa bundi na jicho linalocheza, tofauti yetu ni kwamba sisi tunamalizia na haleluya.

Mtu atakuletea Warumi 8:28. Isome polepole: "katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema." Paulo hasemi kila jambo ni jema, wala kwamba kila jambo limetumwa kama mtihani wa shule. Anasema Mungu hayupo likizo ndani ya jambo lolote. Na yuko mtunga zaburi aliyesema ilikuwa vema kwake kwamba aliteswa, apate kujifunza amri za Mungu, Zaburi 119:71. Lakini aliyesema hivyo ni aliyeteswa, tena baadaye. Wewe ukija kusema mwaka kesho kwamba zile siku za wodini zilikufundisha kitu, nitakusikiliza kwa heshima zote. Jirani hana ruhusa ya kukusemea ukiwa bado umeshika kichupa cha dawa. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi yao bora katika kitabu kizima. Walipofumbua kinywa na kuanza kumtafutia mafunzo, wakamkasirisha Mungu, tazama sura ya 42.

Huyo mwenzako hana ubaya. Amefundishwa kwamba kunyamaza ni kukosa imani. Akirudia, mwambie kwa upole kwamba siku ile ulitamani mtu wa kukulindia genge.

Kuna wiki nyingine hutaona funzo lolote, na hilo halinisumbui. Mkulima wa Marko 4 anapanda, analala, anaamka, na mbegu inaota asivyojua yeye. Martin Luther, mwaka 1522, aliandika habari za baba anayefua nepi za mtoto huku watu wakimcheka, akasema kwamba Mungu na malaika zake wote wanatabasamu kwa sababu anaifanya kazi hiyo kwa imani. Baba yule hakuambiwa atafute maana iliyofichwa ndani ya nepi. Alitakiwa azifue. Kuna siku utauza nyanya tu, kwa haki, ukalala ukiwa umechoka, nayo ni ibada tosha.

Ukitaka kujizoeza, nakupa njia moja. Inyasi wa Loyola, Mhispania wa karne ya 16, aliwazoeza wafuasi wake kuipitia siku yao wakiwa mbele za Mungu: kushukuru, kuomba mwanga, kuitazama siku ilivyokwenda, kutubu, kuipanga kesho. Sisi Walutheri hatuoni haya kuazima kitu kizuri. Kwako naifupisha. Ukishafunga genge, geuza daftari la madeni, uanze kwa nyuma. Andika mstari mmoja wa jambo lililotokea, kama lilivyotokea: nani, alisema nini, ulijisikiaje. Usiandike funzo. Kesho asubuhi soma sura yako ya Biblia kama kawaida, usitafute mstari wa kuoanisha. Siku nyingine Neno na tukio vitakutana vyenyewe, wakati mwingine baada ya wiki tatu, na vikikutana utashtuka. Mshtuko huo mdogo nauamini kuliko mafunzo yanayokuja kwa ratiba.

Kisha lipeleke kwa mtu mmoja anayeweza kukuambia hapana. Wazee wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Wakristo ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka hadi Bukoba na kwingineko, walijua umuhimu wa hili. Walikutana kutembea nuruni, kama walivyosema, na shuhuda zao nyingi zilikuwa za mambo ya nyumbani yenye aibu: ugomvi, uongo, kitu kilichoibwa ambacho sasa kimerudishwa kwa mwenyewe. Walizidisha pia, watu walibanwa waanike hata yasiyostahili kuanikwa, na hilo sikuombi ulirudishe. Ila ndugu aliweza kumsimamisha ndugu na kumuuliza, umesharudisha? Jumuiya yenu ingeuliza swali kama hilo mara mojamoja, hadithi za simu zingepungua.

Kuhusu Alhamisi. Simulia habari ya tenga na mafungu, ukiwa tayari kueleza utakachokibadilisha mezani kwako, maana kuanzia Ijumaa wenzako wa jumuiya watakuja kuangalia. Ya yule baba usiisimulie, hata bila kumtaja jina. Mtaa ni mmoja, watamjua kabla hujamaliza sentensi, na njia ya nyuma nayo itafungwa. Zungumza naye kwanza, nyinyi wawili. Na kama kufikia Alhamisi hata ya tenga hujajiandaa kuisema, soma Mithali 24:30 hadi 34, waambie hapo ndipo ulipofika wiki hii, kisha uketi.